Vitambaa vya Konsolata kwenye magunia ya dagaa

Wakuu wa humu, salaam. Mnaonizidi umri, shikamoo. Nadhani hamfiki wawili. Wengine wote marahaba, msijisumbue.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, shule niliiachia darasa la nne. Chumvi sitaongeza. Nikiongeza, dagaa wangu waoze.

Nimeona kijana mmoja humu anauliza namna ya kuendesha stoo na kupata mzigo wa uhakika. Mmemjibu vizuri, app hii, app ile. Na mimi nina langu.

Zamani nilikuwa na stoo ya dagaa Kirumba, karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mzigo ulitoka Nansio, kule kisiwani, kwa Konsolata, mwenzangu. Yeye ananunua kwa wavuvi, anaanika, anafunga. Mimi napokea, natunza, napakia malori ya Kongo.

Kalamu hatukuipenda, na ukiandika juu ya gunia maji ya ziwa yanafuta. Basi Konsolata akawa anachana vitenge vyake vilivyochakaa, anafungia midomo ya magunia.

Nyekundu: hawa walinyeshewa, uza leo. Njano: wanavumilia kidogo. Kijani: wakavu kabisa, weka.

Kijani niliweka ukutani, nyekundu mlangoni. Ukisimama nje unaisoma stoo yote. Jamani, stoo ile ilikuwa nzuri! Wapakiaji wanaimba, mimi nimekaa juu ya mzani na chai yangu, harufu ya dagaa mpaka kwenye nywele.

Masika moja mzigo ukaja wote kijani.

Nikashangaa, mvua yote ile? Lakini Konsolata hajawahi kunidanganya. Nikapanga ukutani.

Mzigo uliofuata, kijani tena. Na mwingine.

Siku lori la Kongo linapakia, wapakiaji walifika ukutani wakarudi wameshika pua. Magunia yana joto kama uji. Dagaa wamevunda, na wa jirani yao wameshaanza kupata unyevu.

Mnunuzi akasema akikuta hivi tena, anahama. Na mimi mjane, sina kingine ila stoo ile.

Dotto, dalali wa pale mwaloni, akacheka. "Shoga yako amekuzoea, mama. Anakufungia matope kwa kitenge kizuri. Nina mtu Sengerema, mzigo unavuka kwa feri ya Kamanga kesho tu."

"Funga mdomo, Dotto. Kwanza nikaachane naye mwenyewe, uso kwa uso."

Nikapanda meli ya Nansio. Njia nzima napanga matusi. Nayajua mengi.

Naingia uani, Konsolata amekaa mkekani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala pajani. Kiharusi. Maneno hayatoki.

Aliyekuwa anafunga magunia ni mkamwana wake, Modesta. Habari hakutuma. Aliogopa nitatafuta mtu mwingine, nyumba ile ilale njaa.

"Modesta, mbona unafunga kijani tupu?"

"Vile vya zamani viliisha, mama. Nikachana doti yangu ya harusi, magunia yasije kwako yamefungwa ovyo."

Doti ya harusi, wakuu. Binti alidhani ni pambo!

Pale pale Konsolata akanyoosha mkono wa kushoto, akamnyang'anya kitambaa, akakitupa chini.

"Ndivyo anavyofanya kila siku," Modesta akaanza kulia. "Akili imeguswa."

"Akili gani? Huyo yuko kazini."

Nikavua kilemba changu, kilikuwa chekundu, nikakichana. Nikamwekea Konsolata vitambaa mapajani, vyekundu na vya kijani. Akatia mkono ndani ya gunia, akasugua dagaa, akachukua chekundu. Gunia lililofuata, kijani.

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, mate yakamtoka. Nikamfuta. "Usinichekee, umeniozeshea mzigo." Akazidi kucheka.

Tulikwenda hivyo mpaka Mungu alipomchukua. Yeye anachagua, Modesta anafunga. Mnunuzi hakuhama. Dotto aliacha kunisalimia, nikapumua.

Leo stoo anaendesha mjukuu wangu Masanja. Ana stika, anazipiga picha kwa simu, na kusema kweli anaharibu mzigo kidogo kuliko mimi. Mimi nashinda nyumbani Kiseke na kuku wangu, nakumbuka.

Fundisho langu: mtu wako wa mzigo akiharibika ghafla baada ya miaka ya uaminifu, usitume dalali. Nenda ukamwone. Na alama zenu msizijue wawili tu. Mmoja akianguka, zinaanguka naye.

Juzi nilipitia stoo. Mzigo wa Modesta umeingia, stika zote zipo. Lakini gunia moja mdomo umefungwa kwa kitambaa cha kijani, kimefifia. Naijua ile doti.

Kabla Masanja hajatoa simu, wapakiaji walishanitazama.

"Ukutani," nikasema.

Haya, na nyie semeni. Mliokuwa na stoo kabla ya simu hizi, mlitia alama gani? Wa kutukana apite mbali, nimeshasema nayajua mengi.