Sahani Irudi Tupu

Daktari aliniuliza swali moja tu, nikakasirika kana kwamba ameniita mwizi. "Mzee, dawa unameza?" Nikamwambia nameza. Wala sikumdanganya. Nilikuwa nameza, ila kwa utaratibu wangu mwenyewe.

Miezi minne kabla ya hapo nilipimwa damu hapa Tunduma, ikaonekana mafuta yamezidi. Sikushangaa sana. Mimi ni wakala wa forodha. Kutwa nakaa kitini nikisubiri karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia, na mchana mguu wangu unajua njia ya kwa muuza kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga. Kilichonitisha ni kumkumbuka kaka yangu. Naye aliambiwa hivyohivyo, akapuuza, kiharusi kikamlaza miaka miwili mpaka tukamzika. Daktari akanipa kidonge kimoja cha kila jioni, akanieleza na chakula: nyama iliyonona sasa basi, mafuta ya kupikia kidogo, maharage na mboga za majani kwa wingi, tena nitembee. Akasisitiza kwamba dawa na chakula vinakwenda pamoja.

Mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Siku niliyokula mchicha wa kuchemsha niliona hakuna haja ya kupoteza kidonge. Siku ya mafuta nikameza viwili. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Na siku ya mafuta ilikuwa na mahali pake: Hasamba, kwa mama mkwe wangu. Kwa desturi ya ukoo wao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawasemezani ana kwa ana, wala hawali pamoja. Kwa miaka kumi na tisa nimeijua sauti yake kupitia ukuta wa jikoni, akimwagiza mke wangu, "Mwambie mkwe wangu karibu sana," ilhali mimi nipo sebuleni na nimeshasikia. Nami humjibu kwa kinywa cha mke wangu. Kilichotuunganisha ni sahani. Anakaanga nyama ya nguruwe, anaiongezea mafuta aliyoyahifadhi kwenye kopo, anaifunika, inaletwa. Ikirudi tupu, anajua namheshimu. Ikirudi na mabaki, nimemtukana. Sasa mtu ambaye huwezi hata kumwambia "asante, mama", utamwambiaje kwamba chakula chake kitakuua? Nilikuwa naipangusa sahani kwa tonge la mwisho, jioni nameza viwili, naona mambo yako sawa.

Siku hiyo ya swali, majibu ya damu yalikuwa yaleyale ya mwanzo. Ikabidi niseme ukweli, mke wangu akiwa kando yangu. Daktari hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Mzee, hiyo dawa si sabuni ya kuoshea nyama uliyokula leo," alisema. "Ni kimoja, kila siku, hata ukila mchicha. Na kuzidisha bila kuambiwa ni hatari."

Tulirudi nyumbani na mke wangu. Akavua viatu, akaketi. "Kaka yako alipolala kitandani, niliyekuwa namwogesha ni mimi. Na wewe unataka nikuogeshe?"

Mimi ni mtu wa kujibu haraka, na kwa ukali. Siku hiyo niliogopa.

Tulikwenda tena Hasamba wakati wa kuchuma kahawa. Mke wangu aliingia jikoni moja kwa moja, mimi nikabaki sebuleni, nikasikia yote. Alimweleza mama yake kila kitu, hadi vidonge viwili viwili. Kisha nikasikia mama mkwe analia, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Miaka yote namlisha hivyo, na yeye anakula tu?"

"Ni heshima, mama."

"Heshima gani hiyo ya kuniachia mwanangu mjane?"

Chakula kilichelewa. Nilipofunua sahani nilikuta maharage ya kuchemsha, majani ya maboga na ugali mdogo. Nisiwe mnafiki, hayakuwa matamu. Lakini nilikula kwa shukrani ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya nyama, sahani ikarudi tupu kama siku zote. Nilipotoka uani kunawa, nililiona lile kopo la mafuta limeoshwa, limeanikwa juu ya kichanja.

Jioni nilikuwa nimekaa sebuleni na mke wangu. Sauti ikatoka jikoni, na safari hii haikuanza na "mwambie mkwe wangu".

"Baba, dawa umemeza?"

Nilimtazama mke wangu anijibie. Akainamisha kichwa.

"Bado, mama," nikasema.

"Basi meza. Nimesimama hapa mlangoni, siondoki mpaka umeze."