Kisu Kilichokanda Nyanya

Sogea hapa, mwanangu, lakini usikae upande ule, cheche zitakutoboa shati. Umekuja na simu yako kunionyesha kisu ulichokipenda, kile chenye mistari inayotembea kwenye bapa kama maji yaliyomwagwa mchangani, na tangu umefika swali lako ni moja tu: mistari ile inatokaje? Nitakuambia. Si siri, wala mimi sina tabia ya kumnyima mtu kazi. Ila kabla hujashika nyundo, nisikilize kidogo, maana umenikumbusha Jumamosi ambayo nusura mistari ya namna hiyo initoe kwenye ndoa ambayo hata sikuwa nimeiingia.

Yule mzee anayenoa pale, anayejifanya hasikii, ni mume wangu, Katana. Yeye ndiye mwenye kisa. Mimi ndiye mwenye mdomo.

Enzi hizo reli mpya haijafika hapa Miritini. Karakana hii ilikuwa ya baba yangu. Malori yalikuwa yakiegesha kando ya barabara kama leo, na springi zilizokatika zilitupwa pale pale, naye baba akiziokota na kuzigeuza mapanga na visu. Mimi nilizungusha feni ya moto tangu usichana wangu, na Katana alikuwa fundi kijana aliyetoka Kaloleni kuja kujifunza. Tulizoeana kwenye moshi. Baba aliliona jambo hilo na hakusema kitu, akawa anakohoa tu kila tukicheka.

Sasa mistari. Unachukua bamba la springi ya lori, unaweka juu yake bamba la msumeno, tena springi, tena msumeno, kama unavyopanga chapati kwenye sahani. Unanyunyiza unga wa boraksi ili uchafu usipate nafasi katikati. Unalitia rundo motoni mpaka ling'ae njano kama kiini cha yai, halafu unagonga, wala hugongi kwa hasira, mpaka vyuma vishikane viwe kitu kimoja. Unakunja, unagonga tena. Kisu kikishakamilika unakilowesha kwenye asidi; chuma kimoja kinakuwa cheusi, kingine kinabaki cheupe. Basi, hiyo ndiyo mistari yako. Umeona? Mtu yeyote mwenye subira ataiweza, na wewe utaiweza.

Katana aliiweza mapema mno. Na kijana akiweza jambo mapema anataka kuliongezea chumvi. Ulipofika wakati wa kuja kuniposa, alijua kwamba baba amekwisha kubali kwa kikohozi chake, lakini kwetu neno la mwisho lilikuwa la mama. Na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi mkuu wa harusi za kanisani, kuanzia kwetu Mjambere mpaka Ziwa la Ng'ombe. Harusi haikutangazwa kabla mama hajaulizwa kama ana nafasi. Katana akaona ampelekee kisu ambacho mpishi yeyote hajawahi kukiona.

Akaona nyeusi na nyeupe ni rangi za msiba. Akatafuta shaba nyekundu ya mabomba ya friji mbovu, na shaba ya njano ya koki za mifereji ya zamani, akazipanga tabaka kwa tabaka, akazitia moto polepole mpaka zikatoa jasho na kushikana, akazisokota, akazifua. Akatoka na kisu cha mistari myekundu na ya dhahabu, iliyojikunjakunja kama ua la leso. Kuanzia mgongoni hadi kwenye makali, shaba tupu. Chuma hakuweka hata chembe, ati kitaharibu rangi. Mpini akauchonga kwa mti wa mkorosho, akautia kibonde kizuri cha kupumzisha kidole gumba.

Baba alikitazama, akakigeuza, akakohoa. Akasema, "Ni kizuri. Mpelekee mwenyewe." Mimi nilikiona nikadhani nitaolewa jioni ile ile.

Jumamosi hiyo mama alikuwa akipika harusi ya jirani yetu pale Mjambere. Uani kumejaa masufuria, wanawake wamejifunga leso viunoni, moshi wa kuni kila mahali. Katana akaingia na shati jeupe, na nyuma yake mshenga wake, Mzee Charo, baba yake mdogo, amevaa koti la suti katika joto lile na anasukuma baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa kama bwana harusi, na bwana harusi yupo?"

Wanawake wakacheka. Katana akapiga goti, akafunua kitambaa, akaweka kisu juu ya kibao, maana kwetu kisu hakipokewi mkono kwa mkono. Kinawekwa, mwenzako akakiokota. Kisu kiling'aa pale kwenye majivu kama kitu kilichopotea njia.

Mama Sidi, msaidizi wa mama, mwanamke ambaye ulimi wake haukuhitaji kunolewa, akasema, "Lo! Hiki ni cha kukatia au cha kuvaa shingoni?"

Mama akakiokota. Akachukua nyanya, akaiweka kwenye kibao, akakata. Yaani, alitaka kukata. Nyanya ikabonyea, ikafikiri, ikapasuka ubavu na kumrukia Katana kwenye shati jeupe.

"Hiki kinakanda," akasema Mama Sidi. "Tukiletee unga tupate maandazi."

Mama hakucheka. Akakinoa kisu kwenye jiwe, akajaribu tena. Kikakata nyanya moja vizuri, ya pili kwa shida, ya tatu kikaanza tena kubembeleza. Shaba ni laini, mwanangu. Inanoleka upesi na inachoka upesi. Mama akatazama gunia la vitunguu, akamtazama Katana, akavuta kigoda.

"Umekileta mwenyewe. Kaa, ukitumie mwenyewe. Vitunguu vile pale."

Sijui kama umewahi kukata gunia la vitunguu kwa kisu butu. Kisu kikali kinapita, kitunguu hakina habari. Kisu butu kinakipondaponda, na kitunguu kinalipiza. Katana alikuwa hajamaliza bakuli la kwanza machozi yakaanza, bakuli la pili kamasi, na alipofika la tatu alikuwa akitikisika mabega kama aliyefiwa. Akajifuta kwa mkono ule ule wenye maji ya vitunguu. Hapo ndipo alipolia kwa sauti.

"Sikulia kwa sauti," anasema yule mzee pale. Kumbe unasikia! Noa, baba, noa.

Mzee Charo alikuwa ameketishwa mbali, kwenye kivuli cha ukuta pamoja na wazee wa harusi, kama heshima ilivyotaka. Kutoka pale hakuviona vitunguu. Aliona mambo mawili: mama yangu amesimama na mikono kiunoni, na mtoto wa kaka yake ameinamisha kichwa akilia. Akainuka bila kuaga, akapanda baiskeli na suti yake, akaenda zake kuwapa habari jamaa waliokuwa wakisubiri Kisauni kwamba posa imekataliwa, tena kwa aibu.

Sisi hatukumwona. Tulikuwa na balaa letu. Mama, kwa pilikapilika za harusi, alisahau akakata ndimu kwa kile kisu, akakamulia kachumbari, akatia chumvi, kisha akaitwa kwenye pilau na kukiacha kisu kimelala ndani ya bakuli. Pilau la harusi halina haraka. Aliporudi, bapa lilikuwa limeota ukungu wa kijani, na vitunguu vilivyokigusa vimegeuka rangi.

Mama Sidi akachungulia. "Kachumbari imevaa sare ya shule."

Mama akaimwaga kachumbari yote. Chakula cha watu, siku ya watu, akakimwaga. Alikuwa akijua tangu kwa bibi yake kwamba shaba isiyopakwa bati haikai na ndimu wala ukwaju, kwani inatoa sumu yake. Nami nilisimama na mwiko mkononi nikiona ndoa yangu imemwagwa pale pale kando ya ndoo.

Mama akamwita Katana, akaongea naye polepole, na hayo ndiyo maneno niliyotaka uyasikie.

"Mwanangu, mkono wako una kipaji, sitakudanganya. Sijawahi kuona kazi nzuri kama hii. Lakini nijibu jambo moja. Ulipokuwa ukikifua kisu hiki, uliniona nikikata nini?"

Katana akafikiri. Macho mekundu, shati lina nyanya. Akasema, "Sikukuona ukikata kitu, mama. Nilikuona ukikitazama."

"Basi umenitengenezea kitu cha kunifanya nikutazame wewe. Unataka kumchukua binti yangu na hujui jikoni kwake kunakatwa nini."

Akafungua mdomo kuendelea, na mimi nikafumba macho maana nilijua linalofuata. Hapo hapo lango likafunguliwa kwa kishindo, wakaingia shangazi zake Katana wote watatu, leso mabegani, na Mzee Charo nyuma yao akisukuma baiskeli, jasho linamchuruzika. Shangazi mkubwa akamkumbatia Katana, akamfunika kichwa kwa leso.

"Nyamaza, mwanangu. Wanawake wako wengi. Rabai wamejaa, Jomvu wamejaa!"

"Shangazi, ni vitunguu."

"Ndiyo, mwanangu. Sema ni vitunguu. Hakuna anayekulaumu."

"Ni vitunguu kweli!"

Shangazi akamgeukia mama. "Na nyinyi, kama hamumtaki si mngesema kwa adabu? Mpaka mtoto wa watu alie mbele ya masufuria?"

Mama akaweka kibao mbele ya shangazi, akaweka kisu cha shaba, akaweka kitunguu. Shangazi, kwa hasira zake, akakata. Kikapondeka. Akakata tena. Tazama machozi yanavyomjaa! Akamtazama Katana, akamtazama mama, akatazama kisu, na wakaanza kucheka wote wawili mpaka wakashikana mikono wasianguke. Mzee Charo akauliza, "Sasa posa imekataliwa au haikukataliwa? Nimeendesha baiskeli mara mbili."

"Haijajibiwa," mama akasema huku akijifuta macho. "Aje kila ninapopika, anisaidie kukata. Siku atakayojua kisu ninachokihitaji, akilete, nami nitajibu."

Basi Katana akawa anakuja. Alikata kila kitu, na akatazama. Aliona mafuta ya nazi yanavyofanya mpini uteleze. Aliona mama anavyosukuma vitunguu kwa ubavu wa kisu kwenda sufuriani. Na siku moja, ameketi bega kwa bega naye wakimenya mbatata, aliona jambo ambalo alikuwa amekaa nalo muda wote bila kuliona: mama yangu alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Kile kibonde kizuri cha kidole gumba kilikuwa upande usio wake. Kisu kile, hata kingekuwa cha chuma, kingemwumiza.

Akarudi hapa karakana, akabandika springi na msumeno. Katikati akaweka chuma kimoja kigumu, kinachoteremka peke yake mpaka kwenye makali, na matabaka ya mistari yakakaa ubavuni kukikumbatia. Shaba hakuitupa, aliipenda mno, na mimi pia niliipenda. Aliihamishia shingoni, pale kisu kinapokutana na mpini, mahali ambapo ndimu haifiki. Mpini akaukwaruza kidogo usiteleze, na kibonde kikahamia upande wa pili.

Alimkuta mama nyumbani. Akakiweka kwenye kibao. Mama akakiokota kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikaingia kwenye kibonde kama kilichorudi kwao. Akakata nyanya. Kipande kilikuwa chembamba mpaka nikamwona mama kupitia ndani yake. Akakata nyingine, na nyingine, mpaka nyanya za nyumba nzima zikaisha, nasi hatukuwa na mgeni yeyote. Kisha akafuta kisu kwa leso yake, akasema bila kugeuka:

"Dama."

"Abee, mama."

"Mwambie Mzee Charo aje. Na aache suti, joto kali."

Kisu hicho ninacho. Kimenolewa mpaka kimekonda, lakini mistari bado ipo, na mama aliaga dunia bila kukubali kukatia kingine. Cha shaba pia kipo. Kimetundikwa ukutani pale juu ya kichwa cha mume wangu, na kila mwanafunzi anayeingia hapa akikisifu, mzee huyo anaanza kunoa kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi mistari. Ipende. Mtu anayepika kila siku anastahili kushika kitu kizuri, na uzuri nao ni kazi. Nakuambia tu kwamba uzuri upewe mahali pake pa kukaa, usikae kwenye makali. Kabla hujawasha moto, mjue atakayekishika: anakata nini, mkono gani, na kiganja chake huchokea wapi. Ukimjua huyo, moto wenyewe utakuonyesha mistari ikae wapi. Na haya si ya visu peke yake. Hata siku utakayotaka kuposa, yakumbuke.

Mungu aibariki mikono yako miwili, aipe kazi isiyokwisha na watu wa kuitumia kwa furaha, na akujalie mama mkwe mwenye ukweli kama wangu.

Sasa izime simu hiyo. Nenda nyumbani, mwombe mama yako kisu chake cha jikoni, ukate vitunguu vyote vya chakula cha jioni. Jumatatu asubuhi njoo unionyeshe mkono umekuuma wapi, nasi tutaanzia hapo.