Mjomba wa Asia

Mwanahawa Hamza hapendi kufundishwa kazi. Ukimwonyesha namna ya kupanga ndizi sokoni Mkuyuni, atakuacha upange zote, kisha atazipanga upya huku anakutazama usoni. Ndiyo maana mvua zilipoporomosha mlima na kaya thelathini zikakimbilia shule ya msingi, wote tulimtaja yeye awe mlezi wa watoto waliofika bila wazazi. Walikuwa saba. Aliwalaza kwenye darasa la tatu, akajua nani anakojoa kitandani na nani hali maharage, na hakuna mwanaume aliyethubutu kuvuka kizingiti kile bila sababu.

Afisa ustawi wa jamii, kijana mmoja aitwaye Geofrey, mtu wa Mbeya, alimpa daftari na sharti moja tu: mtoto asitoke kambini na mtu yeyote mpaka yeye Geofrey apigiwe simu na kuthibitisha.

"Hata akija ndugu, mama. Tena ndugu ndio hasa."

Mwanahawa aliitikia vizuri. Moyoni alisema kijana huyu ana adabu lakini ni mtu wa kuja, hajui mambo ya huku.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, likaingia gari dogo la kukodi, akashuka mwanaume aliyevaa shati la pasi. Tope lote lile, na yeye kapiga pasi! Mimi nilipaswa kushtuka palepale, lakini na mimi nilikuwa nahangaika na mahema. Aliwaamkia wazee wote shikamoo mmoja mmoja, akakabidhi mfuko wa sukari na kanga mbili, ndipo akasema anaitwa Maneno, mjomba wa Asia.

Asia alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake alifariki zamani. Mama yake, Hafidha, alitolewa chini ya ukuta wa nyumba yao akiwa hajitambui, akapelekwa hospitali ya mkoa mjini Morogoro, na tangu siku hiyo hatukuwa na habari zake ila dua.

Sasa, huku kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Posa ikija anaulizwa mjomba. Msiba ukitokea anasubiriwa mjomba. Kumwambia mtu kama huyo asimame kwanza upige simu kwa kijana wa serikali ni kumtukana mbele za watu. Hata hivyo Mwanahawa si mjinga, alimwuliza ukoo. Yule bwana akautaja, ukoo wa kina Hafidha hasa, akamtaja na bibi mzaa mama, akataja na shamba wanakozikana. Yote yalikuwa kweli tupu.

"Nampeleka akamwone mama yake," alisema.

Mwanahawa akamwita mtoto. "Chukua nguo zako, mwanangu. Mjomba wako amekuja."

Asia akamtazama yule mtu, akamtazama Mwanahawa, akafungua mdomo kidogo. Lakini mtoto aliyefunzwa hambishii mkubwa mbele ya mgeni. Akaenda kuchukua nguo zake. Mwanahawa akaandika karatasi, kwamba amemkabidhi Asia kwa mjomba wake, akatia sahihi na kumpa yule bwana nakala. Gari lilipokuwa linageuka alimsikia akimwuliza dereva kama hadi saa saba watakuwa wamefika Msamvu. Msamvu ni stendi ya mabasi ya mikoani, hospitali haiko huko. Mwanahawa alilisikia hilo, akaliacha lipite.

Saa tano na nusu simu yake ikaita. Alikuwa Geofrey, na sauti yake ilijaa furaha.

"Mama, niko hospitali, Hafidha amezinduka! Anaongea tangu asubuhi, anamtaka mwanawe. Nakuja kumchukua mwenyewe."

"Mjomba wake ameshamchukua. Anamleta huko huko."

Mwanahawa akasikia watu wakinong'ona, kisha ikaja sauti nyingine, nyembamba, iliyokauka. Ilikuwa ya Hafidha.

"Mjomba gani, dada? Mimi sina kaka. Mama yetu alizaa wasichana watupu."

Mwanahawa alikaa chini palepale kwenye vumbi la chaki. Maana katika ukoo, kila mwanaume wa rika la mama ni mjomba, hata kama hajawahi kukubeba wala kujua kama umekula. Yule bwana hakudanganya kuhusu ukoo hata neno moja. Mwanahawa alimwuliza ukoo, hakumwuliza tumbo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii mkuu alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba.

"Msamvu," alimwambia Geofrey aliporudi kwenye simu. "Atakuwa Msamvu. Kimbia, baba, mimi nakuja."

Nasibu wa bodaboda alimpakia mbele ya geti la shule. Barabara ilikuwa imemegwa sehemu mbili kabla ya Kiroka, wakawa wanashuka, wanasukuma pikipiki, wanapanda tena. Mwanahawa alilia njia nzima, na alilia kwa hasira. Kila gari dogo lililokuja mbele yao alilichungulia ndani. Aliogopa kufika akakuta basi limeondoka, maana basi likishaondoka na mtoto, utamtafutia mkoa gani?

Walifika saa saba kasoro dakika chache. Basi la Kahama lilikuwa linaunguruma, na mlangoni walisimama Geofrey, askari mmoja wa kike, na yule bwana Maneno na shati lake la pasi. Kondakta alikuwa anapiga bodi kwa kiganja, anachelewa. Maneno hakuonyesha hofu yoyote. Alikuwa amenyoosha ile karatasi.

"Nimepewa mtoto kwa maandishi, afande. Aliyenipa ndiye huyo anakuja, mwulizeni."

Askari akaisoma. "Mama, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimpa mtoto wewe mwenyewe?"

Abiria mmoja akapaza sauti dirishani, "Mwacheni mtu na mpwa wake, tuna safari!" Mwanahawa aliniambia baadaye kwamba ulimi wake ulitaka kusema alilazimishwa, au kwamba sahihi imeghushiwa. Angeaminika, ana sura ya kuaminika. Akatazama chini.

"Nilimpa, afande, na nilikosea. Niliambiwa nipige simu kwanza, sikupiga. Ilikuwa jeuri yangu."

Askari akapanda ndani ya basi, na Mwanahawa nyuma yake. Asia alikuwa kiti cha dirishani, fuko la nguo mapajani.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" askari alimwuliza.

"Kahama. Kufanya kazi za nyumbani kwa watu."

"Na mama yako?"

"Mjomba amesema wameshamzika."

Yule abiria wa dirishani aliondoa mzigo wake njiani.

"Yuko hai!" Mwanahawa alisema. "Asia, mama yako yuko hai, nimeongea naye leo kwenye simu!"

Mtoto alisimama akapita katikati ya viti bila kushikwa mkono na mtu. Kule nje Maneno alianza kupiga kelele za ukoo na mila, askari akashuka, akamkamata. Kesi yake iko mahakamani, nayo siisemi hapa.

Hospitalini Hafidha alisogea kwa maumivu mpaka nafasi ikapatikana, na mwanawe akalala ubavuni pake na viatu vyake vya tope. Muuguzi aliona, akapita. Hafidha hakumlaumu Mwanahawa. Hakumshukuru pia. Mwanahawa akatoka, akakaa kwenye benchi la ukumbini, na muda si mrefu Asia akamfuata kuomba maji ya mama.

"Nisamehe, mwanangu," Mwanahawa alimwambia. "Nilimwuliza ukoo, akataja mpaka bibi yako na shamba. Yote aliyajua."

Asia alipokea chupa ya maji kwa mikono miwili.

"Ungeniuliza mimi, bibi," alisema, "ningekuambia simjui."