Damu ya Shemeji

Dada yangu anafanya kazi maabara ya hospitali, na kwa sababu hiyo ukoo mzima unamwona daktari. Mtu akikohoa tu, simu kwake. Mtoto akitoka upele, picha kwake. Kila mara anawajibu kwamba yeye hupima tu, hatibu, lakini nani amsikilize? Shemeji, yaani mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo usiotulia, humwita Mbu, eti kwa kuwa anaishi kwa damu za watu.

Msimu ule homa ya mapafu ilituandama. Virusi vyake vilikuwa na hila: mtu anakuja anatembea na kucheka, kesho yake hawezi kuvuta pumzi. Hospitali ikaamua kila anayekohoa atolewe damu kwanza. Mwili unapowaka ndani, ini humwaga protini fulani kwenye damu. Ikipanda sana, huku chembe nyeupe za kinga zikipungua, daktari hakuachii uende nyumbani hata kama unapiga mluzi. Kipimo hicho hakisemi nani atakufa, kinasema tu nani asiachwe bila kuangaliwa.

Maabarani wana desturi yao: damu ya ndugu yako huigusi, unampa mwenzako. Ila mwenzake dada alikuwa amelazwa kwa ugonjwa huohuo. Dada alibaki peke yake mle ndani, amevaa nguo za kujikinga kuanzia utosini hadi unyayoni, haruhusiwi kutoka mpaka zamu iishe. Kupitia kioo aliona benchi la kusubiria. Shemeji alikuwa ameketi pale, pamba imebandikwa mkononi, anamkonyeza.

Jibu likatoka, na lilikuwa juu mno. Aliniambia baadaye kwamba alilisoma mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo ni watu wa maabara tu wanaoweza kulifanya: akajiambia jibu lina mashaka, akarudia kupima. Kanuni zao zinaruhusu. Akaosha mashine, akaijaribu kwa sampuli ya kukagulia, ile ambayo jibu lake linajulikana, ikawa sawasawa. Akarudia. Akafungua dawa mpya ya kupimia, akarudia tena. Jibu lilelile, na kwa daktari bado halijafika. Nikimfikiria pale hasira hunipanda, halafu najiuliza mimi ningefanya nini.

Alipoinua macho, benchini shemeji hayupo. Alikuwa ameamua mwenyewe kwamba kama kungekuwa na baya wangemwita mbio, akarudi zake kwenye cherehani. Hapo ndipo dada alipotuma majibu kwa daktari na kushika simu ya mezani.

“Rudi hospitali sasa hivi.”

“Mbu, mbona unanitisha? Mimi mzima. Nina gauni la bibi harusi hapa, mwenyewe kanikalia kooni.”

“Nakuomba, mume wangu.”

“Nimalizie mkono huu tu,” akasema, akakata simu.

Akanipigia mimi. “Kamlete, mdogo wangu. Mimi siwezi kutoka humu.” Alikuwa analia ndani ya barakoa, na machozi yenyewe hawezi hata kuyafuta.

Nilimkuta shemeji mguu uko kwenye pedali, anashona.

“Shemeji yangu... umekuja... kupimwa nguo?”

Hakuona kabisa kwamba maneno yanamkatikia. Sikubishana naye. Niliuchomoa mkanda wa cherehani, nikautia mkobani, nikamwambia ataupata wodini. Alinitukana, tena vizuri tu, lakini aliposimama kuunyang'anya alishindwa, akashika meza. Nilimshika kwapani tukaondoka.

Walipomlaza, tayari alihitaji oksijeni. Daktari, mama mmoja mpole aliyechoka hadi kope, alikwenda kwenye kidirisha cha maabara, nami nikamfuata.

“Majibu ya huyu yamechelewa sana,” alisema. “Mashine inasumbua?”

“Ndiyo, daktari,” dada akajibu. “Ilisumbua.”

“Basi tuizime mpaka fundi wake aje. Siwezi kumruhusu wala kumlaza mtu kwa majibu ya kubahatisha.”

Benchi nyuma yetu lilikuwa limejaa watu wanaokohoa, na kila mmoja damu yake ilikuwa mle ndani. Dada akawatazama, akanitazama mimi. Nilimwona akitafuta pa kukimbilia, na mle ndani hapakuwapo. Nilimwonea huruma.

“Usiizime,” akasema. “Mashine ni nzima. Ilinipa jibu mapema, mimi nikalikataa. Ni mume wangu.”

Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alichukua kwenye trei ya sampuli kichupa kilichotoka wodini muda uleule, damu ya shemeji, bado ina joto, akakipitisha kidirishani.

“Mwenzako hayupo,” alisema. “Kipime wewe.”