Gitaa Lisilopiga Mluzi

Walimwita Kucha, na jina lilimkaa. Kucha za mkono wake wa kulia alizifuga ndefu na kuzipiga msasa kila asubuhi kabla ya chai, na kwa ajili ya kucha hizo nyumba nzima ilijua kwamba baba haoshi sufuria, hafungui makopo, wala haombwi kufunga mzigo kwa kamba. Marehemu mkewe alipenda kusema kwamba yeye aliolewa na mwanamume mwenye mkono mmoja, ule mwingine ni pambo. Kwa pambo hilo Kucha alipiga nyuzi za nailoni ujana wake wote na utu uzima wake wote. Kile kipande cha plastiki wanachokwangulia nyuzi wenzake hakukigusa kamwe. Hicho, alisema, ni cha watu wenye haraka zao.

Sasa masikio yalikuwa yanamtupa mkono, na hakumwambia mtu. Zilianza kupotea sauti nyembamba: simu, birika likichemka, ndege dirishani. Kisha maneno ya watu yakawa yanamfikia kama yanatoka chumba cha pili. Akajifunza kutazama midomo, akajifunza kucheka wenzake wanapocheka, akawa mtu wa "ee" na "ndiyo hivyo". Majirani wakasema uzee umemtuliza. Umtulize wapi! Mzee wa watu alikuwa anakufa kiofisa.

Kilichomficha ni gitaa lenyewe. Lilikuwa gitaa la zamani, pana, lenye tumbo kubwa na tundu katikati, na Kucha alikuwa na mazoea ya kuegemeza taya kwenye bega la gitaa anapopiga. Watu walidhani ni madaha. Kumbe sauti ilipanda kwa njia ya mfupa wa taya na kumwingia kichwani safi kabisa, kama ilivyokuwa zamani. Kwenye mgahawa mdogo ambako bendi ilipigia watu wanaokula mchana, taya ilimtosha.

Mambo yaliharibika bendi ilipoanza kukua. Kiongozi wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mwema lakini asiyetulia. Alinunua dramu akazipiga mwenyewe, akaleta spika za kimo cha mtu, akaanza kuchukua kazi za harusi. Katika kelele ile Kucha hakujisikia tena. Akawa anaongeza sauti ya spika yake, na akishaongeza anaongeza tena. Basi lile tumbo kubwa likawa linadaka sauti ya spika na kuirudisha, spika nayo inairudisha tena, mpaka unatoka mluzi wa kutoboa masikio. Kibaya zaidi, mluzi huo yeye hakuusikia. Aliujua kwa nyuso za watu. Mpiga besi akikunja uso, bibi harusi akiziba masikio, ndipo Kucha anajua kwamba amelikoroga.

Shemeji mtu akamweka chini. Kwa bahati alilaumu gitaa. Alisema bendi itanunua jingine, lile linalotengenezwa kwa ajili ya spika kubwa, na Kucha alichague mwenyewe kwa kuwa yeye ndiye mwenye mkono. Halafu akamwambia la mwisho, akimtazama usoni.

"Jumamosi tuna ukumbi mkubwa, shemeji. Likipiga mluzi tena nitamweka mpiga kinanda mahali pako. Usinilaumu."

Kucha aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa uani peke yake. Nje ya bendi hakuwa na mbele wala nyuma. Binti yake ndiye mwimbaji, na saa pekee ambayo baba na mwana walikuwa bado wanazungumza bila yeye kubahatisha ilikuwa ile ya jukwaani, yeye akipiga na mtoto akiimba. Hiyo nayo ikiondoka atabaki na nini? Kucha ndefu za mkono mmoja.

Duka la ala za muziki lilikuwa juu ya duka la rangi, na ngazi yake ilinuka rangi mpaka mlangoni. Binti alimsindikiza. Mwenye duka, dada mmoja mchangamfu, aliwashushia magitaa mawili kutoka ukutani. La kwanza lilikuwa na tumbo pana kama lile la nyumbani. La pili lilikuwa jembamba, bega moja limekatwa ili mkono ufike chini, shingo yake imebanwa kama ya gitaa la umeme, na mahali pa tundu pamezibwa kabisa. Dada alisema wauzaji huliita chotara, maana nyuzi ni zile zile laini za nailoni lakini umbo ni la jukwaani.

Kucha akaketi kwenye kigoda, akashika lile pana, akaegemeza taya. Sauti ikamjaa kichwani mpaka machozi yakamlengalenga. Akalirudisha polepole, akashika chotara, akaegemeza taya, akapiga. Ilikuwa kama kupiga ubao wa kukatia vitunguu.

"Hili ndani halina kitu," akasema.

Dada akacheka. Akaeleza kwamba ndiyo sifa yake hiyo. Lisipokuwa na kitu ndani, spika haina cha kudaka. Gitaa la jukwaani, alisema, halichaguliwi kwa kulalia mbao. Unachomeka waya, unampa mtu mwingine apige, wewe unakwenda kusimama mbali usikilize. Yote haya Kucha aliyasoma midomoni mwake na yakamkasirisha. Kuliko kusimama mbali na gitaa, afadhali angesimama mbali na roho yake. Akalichukua tena lile pana, akataka lichomekwe hilo, kwa sauti ya harusini, wala si ya kubembeleza.

Likachomekwa. Akafumba macho akapiga, taya kwenye bega, raha mustarehe. Alipofumbua, binti yake alikuwa ameziba masikio kwa viganja, dada alikuwa anakimbilia spika, na mteja wa duka la rangi amepanda ngazi na kopo lake mkononi kuja kuona kuna nini. Kucha bado alikuwa anatabasamu.

"Linaimba, eh?"

Binti akazunguka akasimama nyuma yake. Alichosema pale nyuma, Kucha alikuja kuambiwa baadaye. Alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtu na baba yake, kwamba ameacha sufuria jikoni na nyumba inaungua. Mzee akaendelea kupapasa mbao za gitaa.

Binti akaja mbele, akapiga magoti ili uso wake uwe sawa na wa baba yake.

"Tangu lini, baba?"

Kucha alitaka kujitia hamnazo, akashindwa. Alisema ni siku nyingi. Alisema daktari amekwishamwambia kwamba masikio hayatarudi. Kisha akamshika mtoto mkono kwa nguvu mpaka kucha zikamwingia.

"Usimwambie mjomba wako."

"Sitamwambia. Lakini gitaa hili watu hawalivumilii."

"Hili nalisikia. Lile silisikii hata kidogo." Akaangalia pembeni. "Chagua wewe, mwanangu. Mimi siwezi."

Binti alijua anachoombwa: amnyang'anye baba yake sauti iliyobaki, ili ampatie kiti cha kukalia kwenye bendi. Mwishowe akainuka, akampa dada lile chotara alifunge. Kwenye ngazi alilia bila kujificha, na baba yake akamshika bega.

Wiki ile walifanya mazoezi sebuleni, milango imefungwa. Mabega ya binti yakipanda, wimbo unaanza. Mkono wake wa kushoto ukishuka, wimbo umekwisha. Vilivyobaki, yaani vidole na mahali pake, aliviachia kumbukumbu.

Jumamosi ukumbi ulijaa mchana kweupe. Kucha aliketi mbele ya dramu, mgongo kwa shemeji yake, macho kwa binti. Alipiga wimbo wa kwanza akisikia mshindo wa dramu tu, ukimpanda kwa nyayo kutoka kwenye mbao za jukwaa. Gitaa mikononi lilikuwa kimya kama limekufa. Jasho lilimtiririka, na kila alipobadilisha vidole alihisi ameanguka ngazini gizani. Lakini hakuna aliyeziba masikio. Mpiga besi alikuwa anatabasamu, bibi harusi anayumba na mumewe. Wimbo wa pili ukapita, wa tatu ukapita, na Kucha akaanza kujipa moyo kwamba huenda maisha yakaendelea hivi.

Katika wimbo wa mwisho mama wa bibi harusi alishindwa kujizuia. Alipanda jukwaani, akamkumbatia mwimbaji, akamgeuza kule na huku kwa furaha. Mkono wa kushoto wa binti ulishuka mahali pake, ila ulishukia nyuma ya gauni la yule mama. Bendi ikanyamaza. Kucha aliona mgongo wa mwanawe tu, akaendelea.

Mshindo ulipokatika chini ya nyayo, alidhani ni pale dramu zinapopumzika. Ukumbi mzima ukatulia. Gitaa lilitoka peke yake kwenye spika zile kubwa, safi, halina hata chembe ya mluzi, na watu wa meza za nyuma wakasimama wapate kumwona mpigaji. Walidhani imepangwa. Kucha aliona nyuso zote zimemgeukia, baadhi zimelowa machozi, akafurahi, akarudia ubeti.

"Shemeji," aliita mpiga dramu kwa upole. Akaita tena. Kisha akamwita kwa jina lake halisi, kwa sauti, hatua mbili kutoka kisogoni mwake, katika ukumbi ambao hata kijiko kingeanguka kingesikika. Kucha hakugeuka.

Binti alijinasua, akaja mbele ya baba yake, akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Tumeshamaliza, baba. Zamani."

Kucha alisoma midomo ile, kisha akageuka nyuma. Shemeji yake alikuwa ameweka fimbo za dramu mapajani, anatazama sakafu.