Kwenda Durban Kusikiliza Nyimbo za Musau

Sikwenda Durban kutembea. Nilitumwa na mama yangu kuuliza swali moja, na aliyestahili kulijibu alikuwa keshazikwa.

Dada yangu Rukia aliondoka Tanga miaka kumi na minne iliyopita, akamfuata mpiga gitaa wa Bukavu aitwaye Faustin. Mama hakumtaka mkwe yule, wala dini yake, wala gitaa lake. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akasema, "Nenda. Radhi yangu huna, na yakikufika usinililie." Rukia hakugeuka nyuma. Sisi kwetu kiburi ni urithi, tumegawana sawasawa.

Baada ya miaka miwili mitatu tukasikia kwamba yeye na mumewe wamekuwa watu wa visiwani. Wanaimba muziki wa Polinesia, huko Bahari ya Pasifiki, wamevaa sketi za majani na maua shingoni. Mimi ni fundi cherehani, nimeona mavazi ya kila namna, lakini picha ya kwanza aliyonitumia, tumbo nje, niliifunika kwa kiganja majirani wasiione. Jina langu Saumu, mdogo wake wa pekee. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja na kuzungumza kinyume ili mama asituelewe. Alituchapa kwa mwiko kwa sababu ya kinyume kile. Hakupenda kusengenywa ndani ya nyumba yake.

Figo ndizo zilizomwua Rukia. Habari ilitufika siku mbili baada ya maziko. Ilipopita arubaini, mama akaniita chumbani.

"Saumu, nenda kwa huyo mwanamume. Kamuulize kama mwanangu aliomba radhi kabla hajafa."

"Mama, si umpe tu? Mtu keshakufa."

"Radhi haitolewi bila kuombwa. Kama aliomba nitampa leo hii, nami nilale. Kama hakuomba, basi."

Alikuwa halali kweli. Usiku nilimsikia akitembea uani, kandambili zake zikiburura mpaka adhana.

Jumatano alfajiri nikapanda basi la Dar es Salaam, na kesho yake ndege ya Johannesburg. Nilikuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, koti la kuazima, na pakiti ya kahawa ya Tanga kwa ajili ya mtu ambaye sikujua nimwite nani.

Ijumaa asubuhi nikapanda basi la Durban. Ulikuwa mwezi wa sita na baridi yao haina adabu. Basi kimya kabisa, hakuna muuza korosho, hakuna mhubiri, kila abiria na masikio yake yamezibwa kwa nyaya. Nje ni majani makavu ya manjano, kilomita baada ya kilomita. Nilimwazia Rukia akipita njia hii mara ya kwanza, na nikamkasirikia upya, kana kwamba bado angeweza kujitetea.

Saa kumi alasiri nikashuka Durban. Faustin alikuwa ananingoja. Nilikumbuka kijana mwenye kifua. Aliyenipokea begi alikuwa mzee wa miaka arobaini na sita, viatu vimepigwa rangi vizuri, soksi hana.

"Shemeki, karibu sana," akasema. "Tutatembea kidogo. Pale kwa robot tunavuka, njo kwetu pale." Robot kwao ni taa za barabarani.

Kwao ni South Beach, ghorofa ya tisa ya jengo refu linalotazama mgongo wa jengo jingine refu. Bahari iko hatua chache na huioni. "Lift imekufa," akaniambia. "Bibi yangu ile mwezi ya mwisho nilikuwa namupandisha na mugongo." Nikapanda ghorofa zile tisa nikihesabu, na kila ghorofa nikamwona Rukia yumo mgongoni mwake.

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Ukutani tangazo: mwanamume na mwanamke wamevaa maua, na juu yao herufi kubwa, MUSAU. Dada yangu alikuwa anacheka kwenye picha ile. Nikakaa kitandani kwao na sikutaka hata kunywa maji kabla ya kuuliza.

"Mwisho wake, alimtaja mama?"

"Shemeki, sitakudanganya. Hapana. Siku ya mwisho aliomba maji tu. Mambo ya kwenu hakuwa anasema. Nikiuliza, anasema kule kulishafungwa."

Basi, safari yangu ilikwisha pale, dakika ishirini baada ya kufika. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya Jumanne.

Jumamosi asubuhi alinipeleka kaburini. Watu wa msikiti walimzika vizuri, Mungu awalipe, ila kibaoni wameandika Rokia. Nikasoma Yasini. Faustin alisimama kando, kofia mkononi, hajui aweke wapi mikono.

Mchana tukapita bandarini. Ng'ambo ya uzio makontena yamepangwa kama maboksi ya viatu, malori yanangoja foleni. Hapo ndipo aliponisimulia kazi yao, bila kuulizwa, kama mtu anayetoa hesabu.

"Tulianza na rumba. Hakuna mutu alitaka. Manager ya hoteli akasema, Congolese tuko nao wengi, wanalinda magari kwa parking. Lete kitu ya visiwa."

"Mkakijua wapi?"

"Hapa hapa. Iko mzee mmoja, baharia, Msamoa, meli ilimwacha juu ya ugonjwa. Akanionesha kuweka gitaa kwa magoti na kuteleza na chuma, hivi. Akatupa nyimbo tatu. Akapona, akaenda. Sasa nyimbo tatu, eish, ni ya saa moja? Bibi yangu akasema, muziki fanya wewe, maneno niachie mimi."

"Maneno ya lugha gani?"

"Ya mzee. Alimwachia karatasi, mi najua? Hata jina ya groupe ni yeye alitoa. Musau ni kisiwa kwenye mzee alizaliwa."

Nikamwambia Musau ninayemjua mimi ni Mkamba mmoja aliyekuwa akiniuzia vifungo. Akacheka, na kicheko kikamwishia njiani.

Siku zile mchana yeye na Rukia walikuwa wakifunga mizigo kwenye ghala moja Mobeni, jioni wanaimba. Sketi yake aliishona kwa kamba za plastiki za kufungia maboksi, alizoziokota ghalani na kuzichana nyembamba. Nilikuwa nimeishika asubuhi ile. Pindo limerudiwa mara mbili, mshono wa nyumbani kwetu. Miaka ikaja ya neema: walipanda ndege kwenda kuimba Cape Town, walipanda meli za watalii mpaka Msumbiji, kila Desemba makampuni yakiwagombania. Kisha hoteli ikafungwa, meli zikaacha kuja, na Rukia akaanza kuvimba miguu. Akawa anaimba amekaa, sketi imefunika miguu. Alipojua hatarudi jukwaani, walitundika mablanketi ya kuzuia kelele kwenye duka la rafiki anayetengeneza simu, akarekodi nyimbo zote kwa siku mbili. "Alisema, hivi utaendelea kula," akasema Faustin.

Jumapili saa saba mchana nilikwenda kumsikiliza Faustin kwenye mgahawa mmoja wa kamba na samaki pale pale South Beach. Nilikwenda kwa heshima tu. Alivaa shati la maua, gitaa magotini. Kando yake stuli tupu, juu ya stuli shada la maua ya plastiki, chini yake spika. Mwenye mgahawa akatangaza kwamba leo tuna muziki kutoka kisiwa kizuri cha Musau. Watu wakapiga makofi na vijiko mkononi.

Nyimbo mbili za mwanzo zilikuwa za yule baharia. Sauti ya dada yangu ilipotoka kwenye spika nilishika meza. Wimbo wa tatu Faustin alitelezesha chuma taratibu, na Rukia akaanza:

*Mama, peni dhira. Mama, kanata dikuru.*

Nilitabasamu kwanza. Nikadhani ndicho Kisamoa hicho. Kisha masikio yangu yakafanya yalichokuwa yakifanya tulipokuwa watoto, bila ruhusa yangu: yakachukua silabi ya mbele ya kila neno yakairudisha nyuma. Peni, nipe. Dhira, radhi. Kanata dikuru, nataka kurudi. Na mama ni mama, hata ukiligeuza.

*Kanimecho. Mwanau. Onjo eunichuku.* Nimechoka. Naumwa. Njoo unichukue.

Meza ya jirani walikuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya bibi mmoja, wakimenya kamba. Mwanamume mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Kikaja kiitikio, na hapo Faustin akajiunga na sauti ya marehemu, macho amefumba, anaimba kwa moyo wote neno asilolijua:

*Musau, nambo buhuji? Musau, nambo buhuji?*

Saumu, mbona hujibu?

Kila jumba la starehe, kila meli, kila karamu ya kampuni, miaka yote ile, aliniita kwa jina, na watu wakapiga makofi. Alikatazwa kulia kwa mama, akalia kwa njia iliyobaki. Wa kuielewa alikuwa mmoja tu duniani.

"Shemeki, unalia," Faustin akaniambia alipokuja mezani.

"Sauti yake."

"Ile wimbo ya tatu njo watu wanapenda kuliko yote." Akapangusa gitaa. Jumatano alikuwa na kazi tena, na wimbo ule ule. Sikumwambia. Nilimwomba tu anitumie kwenye simu, akanitumia.

Alasiri ile nilipanda ghorofa tisa peke yangu, nikakaa chini ya lile tangazo, nikafungua mazungumzo yetu mimi na Rukia. Video zilikuwamo, nyingi, za miaka. Nilikuwa nazijua. Kila alipotuma nilikuwa naona kapicha kadogo ka sketi ile, naona aibu, namjibu kwa kile kidole gumba cha simu. Kidole gumba, na chini yake video nyingine, na kidole gumba. Sikuwahi kufungua hata moja. Nikaibonyeza ya mwisho, ya wiki tatu kabla ya kifo chake. Simu ikaniambia haipo tena, nimwombe aliyenitumia aitume upya.

Jumanne niliondoka. Faustin alinibebea begi mpaka kituoni, akanipa ile sketi imefungwa kwenye gazeti. Ndani ya basi, na ndani ya ndege, sikuziba masikio. Wasafiri hupenda kusema wamejifunza nini huko waendako. Mimi nilijifunza kwamba dada yangu hakuwa na kiburi kama changu.

Alhamisi jioni nikafika Tanga. Mama alikuwa kitandani, amekaa, ananingoja. Hakuuliza habari ya njia.

"Aliomba?"

"Aliomba, Mama."

Nikawasha simu, nikamwekea sikioni. Akasikiliza wimbo wote, mdomo wazi. "Nasikia mama tu," akasema. "Mengine yake siyajui."

"Ni lugha ya visiwani. Anasema, Mama, nipe radhi. Mama, nataka kurudi."

Mama akaishika simu kwa mikono miwili, akaiweka kifuani. "Nimempa. Mungu shahidi wangu, nimempa, nimempa." Kisha akalia, kilio cha miaka kumi na minne, nami nikamshika miguu mpaka kikapungua. Akajilaza. Nilidhani amelala.

"Saumu."

"Abee, Mama."

"Na hilo Musau ni nini? Mbona analiita hivyo, kama mtu?"

Taa ilikuwa inawaka, na alikuwa ananitazama.

"Ni kisiwa, Mama."

"Kiko mbali?"

"Mbali," nikasema. "Hakifikiki."