Vijidudu vya Dada

Shemeji yangu fundi cherehani ni mpole, lakini akishikilia jambo lake habanduki hata umvute kwa trekta. Dada yangu alipofariki kwa homa ya uzazi akamwachia kichanga, shemeji alipiga marufuku mtu yeyote kumbusu mtoto mdomoni wala kumfuta ulimi. Mimi nilidhani ni usafi tu. Kumbe!

Nilihamia kwake kumlea mtoto. Mchana tulimlaza kwenye kikapu nyuma ya cherehani, baba yake akikanyaga pedali huku anamchungulia. Basi mtoto akaota utando mweupe mdomoni. Chupa akaikataa, akawa analia na kukonda tu. Nikataka twende kliniki, shemeji akasema tusubiri, utajiondokea. Nikamjia juu. Nikamwambia kama anataka kumzika na mtoto aseme, nijue moja.

Ndipo akaweka mkasi chini. Akanieleza kwamba dada alipojifungua, nesi aliwaambia kinywa cha mtoto huzaliwa karibu kitupu, na kwamba vijidudu vya kwanza kuhamia humo vingi hutoka kwa mama, na vikishatulia vinaweza kukaa miaka. Dada alicheka, akambusu mtoto mdomoni papo hapo.

"Picha zake ninazo," alisema. "Lakini vilivyobaki hai vya kwake ni hivyo vijidudu tu. Wakitia dawa vitakufa."

Hasira yote ikaniishia. Nilimuuliza, na huyu anayelia je, yeye si hai? Shemeji alianza kutafuta viatu vyake.

Kliniki nesi alisema ule utando ni fangasi, na matone ya dawa aliyotupa hayaui bakteria, yaani vile vijidudu vya kawaida vya kinywani. Shemeji akauliza kama vya mama yake bado vimo. Nesi hakumdanganya. Huenda vimo, alisema, ila vimeshachanganyika na vya kwetu sote, na yeye hana namna ya kuvitambua. Tulirudi nyumbani na matone yetu.

Dawa ilifanya kazi. Siku mtoto alipomaliza chupa nzima, shemeji alimbeba akaniwekea mapajani.

"Wewe na dada yako mlikua mkila kwa kijiko kimoja," akasema. "Labda na wewe unavyo vijidudu vilevile. Mbusu."

Nikambusu mdomoni, machozi yananitoka. Shemeji akatugeuzia mgongo, akashona suruali ya watu kutoka kiunoni hadi chini, na sindano haikuwa na uzi.